Mtoto haongezeki uzito, nani alaumiwe? Daftari la mama muuza maandazi lilivyotoa jibu

Mbeya. Mara ya kwanza muuguzi alipoiangalia kadi ya kliniki hakusema kitu. Ilikuwa Novemba, mtoto ana miezi 11 na kilo 8.6. Desemba akapimwa tena, kilo 8.6. Januari mzani ukasoma 8.5, na muuguzi akaweka kalamu chini.

“Mama, huyu mtoto chakula chake cha kwanza anakula saa ngapi?”

“Asubuhi,” mama akajibu.

“Asubuhi ni saa ngapi?”

Mama alinyamaza. Saa za biashara yake alizijua zote kwa kichwa. Anaamka saa 9 usiku, anamnyonyesha mtoto, anamlaza karibu na dada wa kazi, kisha anatoka kwenda kibandani kwake Mwanjelwa kukaanga maandazi. Anarudi saa 5 asubuhi. Yanayotokea nyumbani katikati ya saa hizo aliyajua kwa kuambiwa tu.

Akiwa njiani kurudi tayari alikuwa na jibu. Mwenye kosa ni dada wa kazi.

Mbona maziwa yalikuwa yanaisha? Lita moja inayonunuliwa jioni, ikifika saa 6 mchana wa kesho yake sufuria ni tupu. Mtoto haongezeki na maziwa hayaonekani, kwa hiyo binti huyu wa miaka 19 anayatia tumboni mwake. Tangu mwanzo wa Desemba mama alikuwa ameshaanza kufunga kabati la vyakula kwa kufuli, akiutia ufunguo kwenye pindo la kanga. Sasa akaamua kumrudisha binti kwao. Nauli ya basi alikuwa nayo.

Mama mkwe, aliyepigiwa simu jioni ile, alikuwa na maelezo yake. Mtoto ameangaliwa na jicho baya, atafutiwe dawa. Baba wa mtoto akasema watoto wa ukoo wao ndivyo walivyo, wembamba.

Nyumba moja, majibu matatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amehesabu kitu chochote.

“Mpe wiki mbili, lakini andika”

Aliyezuia safari ya binti ni dada mkubwa wa mama huyu. Anafanya kazi katika chumba cha kufulia nguo hospitalini, na kwenye ukuta wa chumba chao kuna maneno matano ambayo kila mfanyakazi anayajua: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Maneno hayo yana safari ndefu. Utaratibu huo ulianzia viwandani Japani, ukaingia hospitalini katika nchi kadhaa, ikiwamo hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, Sri Lanka, ambayo ilikuja kuwa mfano kwa nchi za Afrika. Tanzania iliupokea mwaka 2007, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, na hospitali ya kwanza kuutumia ilikuwa ya rufaa ya Mbeya. Ondoa kisichohitajika, panga kinachohitajika, safisha, weka utaratibu mmoja kwa wote, kisha usirudi nyuma. Vitu vikishakaa mahali pake, ndipo wafanyakazi wanapoanza kuhesabu: shuka ngapi zimechelewa, wapi, kwa sababu gani.

“Mdogo wangu,” dada mkubwa alimwambia, “ukimtimua huyu binti leo, kesho utaleta mwingine. Na kama kosa halikuwa lake, huyo mwingine naye utamwita mwizi. Mpe wiki mbili. Lakini andika.”

“Niandike nini, dada?”

“Saa. Kila kitu na saa yake. Kule kibandani andika wewe, hapa nyumbani aandike yeye. Na umwambie kabisa kwamba daftari si mahakama. Akiogopa, atakuandikia unachotaka kusoma.”

Sharti hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu mama alitaka daftari liwe mahakama.

Hatua tano

Alichokuwa anafundishwa mama huyu, bila jina la kigeni, ni jambo ambalo makampuni makubwa hulipia fedha nyingi. Mwaka 1986 mhandisi Bill Smith wa kampuni ya Motorola ya Marekani alianzisha mbinu iliyokuja kuitwa Six Sigma, yaani Sigma Sita. Lengo lake lilikuwa bidhaa zitoke kiwandani na makosa yasiyozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea.

Mbinu hiyo huenda kwa hatua tano. Kwanza unalitaja tatizo kwa maneno yanayopimika. Pili, unapima hali ilivyo kabla ya kubadili chochote. Tatu, unachambua ulichopima mpaka ufike kwenye mzizi. Nne, unaboresha pale penye mzizi. Tano, unashikilia, usije ukarudi ulikotoka.

Watu wengi huruka kutoka hatua ya kwanza hadi ya nne. Ndivyo alivyokuwa amefanya mama huyu. Hakuona tu kwamba mtoto haongezeki, alikuwa ameshapata na dawa, yaani kumfukuza binti. Hata kibandani ilikuwa hivyo hivyo. Kwa kuwa alikuwa anachelewa kurudi, alikuwa ameomba mkopo kwenye kikoba anunue karai kubwa zaidi na jiko la pili. Hakuwa amepima kama kukaanga ndiko kunakomchelewesha.

Safari hii tatizo liliandikwa hivi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: “Mtoto hajaongezeka tangu Novemba. Narudi saa 5. Nataka kurudi kabla ya saa 3.”

Daftari la kibandani

Kwa siku 12 za biashara aliandika kila kitu kwa kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Mkaa umewaka saa ngapi. Beseni la kwanza la unga limeisha kukaangwa saa ngapi. La pili, la tatu. Ameuza mangapi kabla ya saa 1, kabla ya saa 2, kabla ya saa 3.

Kila siku alikuwa anapika maandazi 240, mabeseni matatu ya 80. Daftari lilionyesha kwamba kukaanga beseni moja kulichukua dakika 25. Karai halikuwa na kosa. Kosa lilianzia kwenye mkaa. Gunia lilikaa nje chini ya turubai lililotoboka, na tangu mvua zianze mkaa ulikuwa na unyevu. Siku kavu uliwaka kwa dakika 15. Siku za mvua ilifika karibu saa nzima, mama akipepea na kukohoa.

Mkaa ukichelewa, beseni la kwanza linachelewa. Wanafunzi na bodaboda wanaopita kati ya saa 12 na saa 1 wanakuta karai bado linachemka, wanakwenda zao. Beseni la tatu linatoka saa 2, wakati wateja wa asubuhi wameshanywa chai. Baada ya hapo mama anakaa kusubiri yaishe.

Halafu akaona hesabu iliyomnyima usingizi. Kufikia saa 3 asubuhi alikuwa ameuza, kwa wastani, maandazi 182. Kati ya saa 3 na saa 5 aliuza 18 tu. Kwa bei ya Sh200, hizo ni Sh3,600. Yaliyobaki, kama 40 hivi, aliyabeba kurudi nyumbani.

Kwa Sh3,600 alikuwa anakaa saa mbili zaidi mbali na mtoto wake.

Tena kulikuwa na jambo dogo ambalo hakuwahi kulifikiria. Mara nyingi alimwacha mteja amesimama huku akienda kwa jirani kutafuta chenji. Alipoanza kuweka alama kila anapofanya hivyo, alifikisha alama tisa kwa asubuhi moja.

Daftari la nyumbani

Binti alikuwa amemaliza darasa la saba na mwandiko wake ulikuwa mzuri. Siku mbili za mwanzo aliandika mambo ya kumfurahisha mama: uji saa 1, maziwa saa 3, ndizi saa 4. Siku ya tatu dada mkubwa alipita, akakaa naye jikoni wakimenya viazi, akamwambia kwamba hapo hakuna anayefukuzwa kwa alichoandika. Kuanzia siku ya nne ukurasa ulibadilika.

“Saa 1:10 mtoto ameamka, analia. Saa 1:30 nimempa chai ya rangi. Saa 2 analia. Saa 3 nimempa viazi vya jana, amekula kidogo. Saa 4 amelala. Saa 5:15 mama amekuja, amenyonya.”

Siku ya tano ilikuwa hivyo hivyo, na ya sita pia.

Mtoto aliyenyonya saa 9 usiku alikuwa anakaa saa nane bila uji wala maziwa. Mama aliposoma, hasira yote ya wiki zile ilipanda. Akamwita binti.

“Kwa nini hupiki uji?”

“Unga wa uji uko kabatini, mama.”

“Kwa nini huutoi?”

“Kabati limefungwa.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Binti alitazama chini. “Nilijua mama hataki nishike vitu vya humo.”

Katika viwanda vya Toyota mafundi hufundishwa kuuliza “kwa nini” mara tano mfululizo, maana jibu la kwanza huwa linamwangukia mtu, na ukiendelea kuuliza unafika kwenye utaratibu. Mama hakuhitaji kufika mara ya tano. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga yake, na kanga ilikuwa inakwenda naye Mwanjelwa kila siku saa 9 usiku.

Kabla ya mvua, alipokuwa anarudi saa 2 na nusu, kufuli lisingeleta madhara makubwa. Mtoto aliamka, akasubiri kidogo, mama akafika. Mvua ziliponyesha, mkaa ukaloa, mama akaanza kuchelewa, mtoto akaacha kuongezeka. Kufuli likaja Desemba kumalizia kazi. Kila kitu kilikuwa na sababu yake, na hakuna aliyekuwa amekusudia mabaya.

Na maziwa? Hilo nalo lilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko ule ule wa binti: “Saa 12:15 baba amechemsha chai ya maziwa, vikombe viwili. Amejaza na chupa ya kwenda nayo kazini.” Baba alikuwa na ufunguo wake wa kabati. Siku 12, mara 11.

Mwizi wa maziwa alikuwa ni mwenye nyumba, naye hakujua kwamba kuna mwizi anayetafutwa.

Kupima si kudharau

Baba hakufurahi. “Yaani ndani ya nyumba yangu mwenyewe napimiwa chai?” aliuliza, akatoka nje akakaa. Mama hakubishana. Aliweka kadi ya kliniki mezani, wazi, mahali penye vile vidoti vitatu vilivyolala. Usiku baba aliiangalia kwa muda. Kesho yake alinunua nusu lita yake mwenyewe, akaandika jina lake kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito. Lilikuwa kama utani, lakini maziwa ya mtoto hayakuguswa tena.

Mabadiliko mengine hayakuhitaji mkopo. Mkaa ulihamia kwenye pipa lenye mfuniko. Unga, sukari na hamira vilipimwa usiku na kufungwa kila kimoja kwenye mfuko wa beseni lake. Vyombo vilipangwa kwa mpangilio mmoja ili mkono uvifikie gizani. Chenji ya sarafu za mia na mia mbili ilihesabiwa jioni na kuwekwa kwenye kopo. Mabeseni yakawa mawili na nusu, maandazi 200. Kwa kuwa sasa yalikuwa tayari saa 12 kamili, wanafunzi na bodaboda waliyakuta. Siku nyingi yaliisha saa 2 na nusu. Mapato yalibaki yale yale, unga na mafuta vikapungua, na hakuna kilichobebwa kurudi nyumbani.

Kufuli liliondolewa. Binti alipewa ratiba: uji mzito wenye maziwa saa 1, tunda saa 3, kisha milo ya mchana na jioni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi 9 hadi 23 ale milo mitatu hadi minne kwa siku, pamoja na vitafunwa mara moja au mbili, huku akiendelea kunyonya hadi afikishe miaka miwili na zaidi. Tumbo lake ni dogo. Mlo wa saa 1 uliokosekana haulipwi kwa sahani kubwa ya saa 6.

Jambo hili si la nyumba moja. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na mikoa inayoongoza ni pamoja na Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi, viazi na maharage vinalimwa kwa wingi. Chakula kinaweza kuwepo shambani, ghalani na hata kabatini, na mtoto asikipate kwa saa anayokihitaji.

Wala si nyumbani tu. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, wataalamu waliangalia njia anayopita mtoto mgonjwa tangu anapofika getini. Wakabadili mpangilio ili mtoto aliye hatarini atambuliwe mara moja na kutibiwa kabla ya wengine, badala ya kusubiri zamu yake kwenye foleni. Vifo vya watoto waliolazwa, ambavyo awali vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18, vilishuka hadi kati ya asilimia 6 na 8. Mengi ya waliyobadili yalihusu mpangilio wa kazi na mafunzo ya watumishi.

Mzazi aanzie wapi?

Anayetaka kujaribu hahitaji kompyuta. Daftari la mia tano linatosha, au sehemu ya kuandika kwenye simu hiyo hiyo unayosomea. Taja tatizo moja tu, kwa namba. “Mtoto analala saa 4 usiku, nataka alale saa 2” ni tatizo. “Mtoto msumbufu” si tatizo linalopimika.

Andika kwa wiki mbili kabla ya kubadili chochote na kabla ya kumlaumu yeyote. Andika na yako pia, si ya dada wa kazi au ya mtoto peke yake. Kisha uliza “kwa nini” mpaka jibu liache kuwa jina la mtu. Badili jambo hilo, endelea kuandika, uone kama namba zinasogea. Zisiposogea, mzizi haujaupata, rudi nyuma.

Na kama tatizo ni uzito wa mtoto, daftari lisikuchelewesha kliniki. Mtoto asiyeongezeka anaweza kuwa na ugonjwa, na hilo linapimwa na mhudumu wa afya. Mama huyu alirudi kliniki kila mwezi, na muuguzi alimpima mtoto mpaka akaridhika kwamba hana maradhi mengine.

Aprili

Hatua ya tano, kushikilia, ndiyo inayowashinda wengi, na nyumba hii haikuwa tofauti. Machi mfuniko wa pipa uliibwa na mkaa ukaloa tena. Kwa siku nne mama alirudi saa 4. Lakini sasa palikuwa na karatasi ukutani jikoni yenye safu mbili, “mama amerudi” na “uji”, na safu ya kwanza ilipoharibika ilionekana siku hiyo hiyo. Safu ya pili haikuharibika. Binti alikuwa na unga, maziwa na ruhusa.

Februari mtoto alikuwa na kilo 8.8. Machi 9.2. Aprili, akiwa na miezi 16, mzani ulisoma 9.5, na muuguzi akaunganisha vidoti kwa rula.

Jioni ya siku hiyo mama alimwita binti. Alikuwa amelifikiria jambo hili tangu Januari bila kupata pa kuanzia. Kama angempandisha basi siku ile, binti angefika kijijini kwao na neno “mwizi”, na neno hilo lingemtangulia kila nyumba ambako angekwenda kuomba kazi.

“Mwanangu, nilikudhania vibaya,” mama alisema. “Unisamehe.”

Binti alisema yameisha. Kisha akaomba karatasi nyingine, kwa sababu ile ya ukutani ilikuwa imejaa.